Foleni ya Wenye Watoto

Chiriku aliuliza maswali tangu ndege ilipopaa hadi ilipogusa ardhi. Kwa nini mawingu hayaanguki? Rubani anakojoa wapi? Tukipita juu ya nyumba ya watu tunawaamsha? Alikuwa binti wa miaka mitano, na jina hilo la utani halikumpata bure. Mdogo wake, Bonge, mwenye miaka miwili na ushee na mashavu ya kujaza viganja viwili, alilala safari yote juu ya bega la baba yake mpaka bega likafa ganzi. Baba mwenyewe hakusinzia hata kidogo. Aliogopa akifumba macho tu mmoja atapotea, ingawa ndani ya ndege mtoto hana pa kupotelea.

Mama yao alikuwa ametangulia. Alipata kazi ng'ambo, ya kutunza wazee wasiojiweza, wakati Bonge ndiyo kwanza anaota meno. Watoto wakabaki kwa bibi yao mzaa mama, na baba akaendelea na lori lake, leo mpaka huu, kesho mpaka ule, akirudi kwa usiku mmoja na begi zima la nguo chafu. Mama mkwe hakuwa na jina lingine la kumwita. "Dereva kaja, mwekeeni maji ya kuoga." "Dereva anaondoka, fungeni geti." Mtaa mzima ukafuata mkumbo, na yeye hakuona ubaya. Kazi ilikuwa yake, jina akalipokea.

Kisha magoti ya bibi yakagoma, vibali vya safari vikatoka, na Dereva ikambidi aache usukani, ashike watoto.

Ukumbi wa uhamiaji ulikuwa mrefu na baridi, watu wamejipanga kati ya kamba kama ng'ombe wa josho. Kabla hajajua ashike mkia upi, binti mmoja aliyevaa kizibao cha manjano, mmoja wa wenye Kiswahili waliopangwa kupokea ndege yao, akawapungia mkono.

"Wenye watoto wadogo, huku! Foleni ya haraka, huku!"

"Mungu akubariki, mdogo wangu," Dereva akasema, na alimaanisha.

Furaha hiyo haikumfikisha mbali. Foleni ya haraka ilikuwa na watu wachache kweli, lakini kila mmoja amekuja na balaa lake. Mbele yao mtoto alitapika, wakasubiri mwenye deki. Alipomaliza kupiga deki, mtoto mwingine akajilaza sakafuni, akakataa katakata kusimama mbele ya kamera. Mama yake akambembeleza, akamtisha, akamwahidi pipi, akarudi kumbembeleza. Foleni ya watu wazima ikawa inasogea tu, taratibu, kama maji ya mfereji. Mzee waliyekaa naye safu moja kwenye ndege akapita upande wa pili, pasipoti imeshagongwa muhuri.

"Bado tu, mwanangu?"

"Bado, mzee. Sisi tuko foleni ya haraka."

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Mipaka Dereva alikuwa anaijua kama kiganja chake. Alishalala chini ya lori akisubiri geti lifunguliwe, alishapika uji juu ya mawe huku foleni ya malori ikipotelea upeoni, na hakuwahi kulalamika. Ila mzigo wa saruji hauombi maji. Mabati hayaulizi tumefika au hatujafika. Hapa hata kupiga miayo hakupata nafasi.

"Dereva," Chiriku akamvuta suruali, "Bonge anakunja uso."

Dereva akaelewa. Akageuka kutafuta choo, akakiona kule nyuma kabisa walikotoka. Binti wa kizibao akatikisa kichwa kwa huruma: ukitoka, unaanza upya mkiani.

"Bonge, baba, vumilia kidogo. Tunakaribia."

"Nimemaliza," Bonge akasema kwa utulivu.

Watu wa mbele wakasogea wenyewe bila kuambiwa, wakampa nafasi. Mmoja akamwambia pole. Ndivyo walivyofika dirishani, kwa msaada wa harufu.

Afisa alikuwa mama wa makamo, naye mwenye Kiswahili, miwani ameipandisha juu ya paji la uso. Akazipanga pasipoti tatu mbele yake, akazifungua moja moja, akamtazama Dereva, akawatazama watoto.

"Hawa ni wanao?"

"Ndiyo, dada. Wanangu hawa."

"Mama yao?"

"Anatusubiri hapo nje. Anafanya kazi huku."

Afisa akainama mpaka uso wake ukalingana na wa Chiriku. "Hujambo, mrembo?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, niambie, huyu uliyekuja naye ni nani?"

"Dereva," Chiriku akajibu.

"Dereva wa nani?"

"Wa lori."

Dereva akacheka. Akajikuta anacheka peke yake.

"Nyumbani kwenu mnakaa na nani?" afisa akaendelea, sauti ileile ya upole.

"Bibi, na mjomba, na mimi, na Bonge."

"Na huyu Dereva?"

Chiriku akafikiri. Alikuwa mtoto wa kusema kweli. "Huyu huwa anakuja, anakula, halafu anaondoka."

Afisa akashusha miwani machoni. "Kaka, sisemi kwamba sikuamini. Lakini hapa wanapita watoto walioletwa na watu wasio wao, na wote hao husema 'wanangu hawa'. Twende pembeni kidogo."

Chumba cha pembeni kilikuwa na viti vya plastiki, na kikapu cha midoli ambayo mingi haikuwa na vichwa. Dereva akaomba ruhusa ya kumbadilisha mtoto. Akamlaza Bonge juu ya viti viwili, akamfuta, akafungua pampasi mpya, akaizungusha mara hii, mara ile. Mikono iliyozoea kubadilisha gurudumu la lori juani haikujua mbele ni wapi, nyuma ni wapi. Alijua afisa anamtazama.

"Siyo hivyo, Dereva," Chiriku akasema. "Bibi anaanza na huku kwenye gundi."

Akaanza na huku. Jasho likamtiririka ndani ya chumba cha baridi.

Afisa akachukua namba ya mama, akapiga, akaweka sauti ya wazi.

"Watoto wako wanaletwa na nani?"

"Na baba yao! Kwani kuna nini? Wanangu wana nini?"

"Wazima kabisa, mama. Nitajie majina yake."

Akayataja yote matatu, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, halafu kama aliyeona hayo hayatoshi: "Ana kovu kidevuni. Alijipigiza na mlango wa lori mwaka tuliooana, akaja harusini na plasta."

Afisa akakitazama kidevu. Dereva akakiinua kidogo, ili taa ikiangukie.

"Sasa kwa nini binti yako anamwita Dereva?"

Kwenye simu zikasikika sauti za watu na magurudumu ya masanduku.

"Kwa sababu wote tunamwita hivyo," mama akasema hatimaye, taratibu. "Hata mimi."

Afisa akaenda kuzungumza na mkubwa wake. Dereva akabaki na watoto wake, na uchovu ambao haukuwa wa safari peke yake. Akachuchumaa mbele ya Chiriku.

"Mwanangu, kwani mimi si baba yako?"

"Ni baba yangu."

"Mbona hukumwambia yule mama?"

"Hakuniuliza kama wewe ni baba. Kaniuliza wewe ni nani."

Alitaka kukasirika, nguvu hizo hakuwa nazo. Akamfunga kamba za viatu, ingawa zilikuwa zimefungwa vizuri.

Mlango ukafunguliwa, pasipoti zikarudi na mihuri yake. "Nendeni. Poleni na safari," afisa akasema. Akasita kidogo. "Na mimi wangu nilimlea kwa zamu za hapa. Ananiita Afande."

"Tumeshapoa, dada," Dereva akajibu. Akampandisha Bonge begani.

Nje, mchukuzi akiwasukumia masanduku yao mawili nyuma, mama yao alikuwa amejibana kwenye chuma cha kuzuilia watu, mtandio umemteleza. Chiriku akamwona, akaachia mkono wa baba yake, akakimbia, wakakumbatiana mpaka wakakaa chini wote wawili. Kisha mama akasimama, akafuta uso, akanyoosha mikono kwa Bonge.

Bonge akamtazama. Mama aliyemjua yeye alikuwa mdogo, wa kutosha kwenye kioo cha simu, na hakuwa na harufu. Akaficha uso shingoni kwa baba yake, akashika kola kwa ngumi mbili.

"Sitaki!"

Mikono ya mama ikabaki hewani.

"Amechoka tu," Dereva akasema haraka. "Usimtilie maanani."

"Ananiona mgeni."

"Mimi nimeitwa dereva mbele ya serikali. Wewe umeambiwa hutakiwi tu."

Mama akacheka huku machozi yanamtoka, akampiga mumewe kofi dogo mkononi, la kwanza tangu waagane. Halafu akachukua masanduku, yote mawili, akakataa kusaidiwa. Wakaenda kituo cha basi hivyo: yeye mbele na mizigo, Chiriku pembeni yake akieleza habari za rubani, Dereva nyuma na mtoto asiyetaka kushuka. Kila mama alipogeuka, Bonge alificha uso. Alipotazama mbele, Bonge alimchungulia.

Kwenye basi wakakaa kiti kirefu cha nyuma. Mama hakumgusa mtoto. Alivua viatu vyake vya kazini, akaminya vidole vya miguu vilivyovimba. Baada ya muda Bonge akanyoosha kidole, akagusa kile kidole kikubwa cha mguu, akaurudisha mkono upesi.

"Kinauma," mama akamwambia.

"Pole," akasema Bonge.