Mgongo wa Marlene

"Usiiangalie kamera, angalia sinki," Tess alisema kwa mara ya tatu. Marlene Kozak akaitikia kwa kichwa, uso wake ukiwa bado umeelekea kwenye taa.

Vernon Tuttle, mpiga picha, alitabasamu nyuma ya kamera yake. Huyu Tess, mwongozaji kijana, alikuwa anamwomba mwanamke wa miaka hamsini na tisa asahau kila alichofundishwa. Katika filamu za watu wazima, hizi za ngono, kamera haifichwi kitu. Ukigeuza mgongo umeharibu. Mpiga picha anazima, mnaanza upya. Vernon na Marlene waliingia kazini mwaka uleule, hapahapa mtaani Chatsworth, katika nyumba za kukodi kama hii, na ameshamzimia kamera mara zisizo idadi.

Ila Tess alikuwa ameandika hadithi yenye watu ndani yake. Mjane anaosha kikombe cha marehemu mumewe, saa moja kabla jirani hajabisha hodi. Kitanda kingekuja baada ya chakula cha mchana. Asubuhi nzima ilikuwa ya kikombe.

"Miaka kumi wananipa nafasi za mama wa kambo tu," Marlene alikuwa amemwambia Vernon wakinywa kahawa. "Natokea mlangoni na taulo, watu wanacheka, basi. Hii ya leo nimeomba nipewe nakala ya kipande cha jikoni. Namtumia Judith."

"Judith dada yako? Si alikukataza kukanyaga kwake?"

"Huyohuyo. Dakika nne tu. Ajue kwamba nilikuwa naweza kuigiza."

"Na akiuliza filamu inahusu nini?"

"Namwambia inahusu vyombo."

Walicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye suruali ya Vernon. Alimpenda sana mama huyu, kwa namna watu wanavyopendana baada ya kuonana katika kila hali. Gus, mume wa Marlene, alipofariki miaka miwili iliyopita, Vernon alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Sasa wakaanza tena. Marlene alifungua bomba na kukisugua kikombe polepole, kidole kikizunguka ndani ya ukingo, mahali midomo inapogusa. Kisha akaacha kusugua. Mabega yakashuka. Akageuka taratibu, akaipa kamera mgongo, akakibana kikombe kifuani na nguo yote ikalowa. Akasema neno moja ambalo halikuwa kwenye karatasi ya Tess. Alisema, "Gus."

Maji yaliendelea kutiririka. Tess alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, kisha akaishusha na kusema, "Asante. Tumeipata."

Vernon akatazama chini. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa imezimika.

Hakukumbuka kubonyeza. Mgongo uligeuka na kidole gumba kikafanya kazi yake, kama kilivyofanya miaka ishirini na sita. Alitamani kunyamaza, waje kugundua baadaye, mashine ilaumiwe. Lakini Marlene alikuwa anamjia huku akijifuta macho kwa kiwiko, anacheka kidogo kwa aibu.

"Ilikuwaje, mzee? Sema kweli."

"Nilizima," Vernon alisema. "Ulipogeuka, nikazima. Nisamehe, Marlene."

Marlene hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Vernon zaidi.

"Hata mimi ningezima," akasema. "Haya, turudie."

Walirudia mara sita. Marlene aligeuka pale pale, akakibana kikombe vilevile, akalitaja lile jina, na likatoka kama jina la mtu yeyote. Mara ya saba Vernon alikitoa kabisa kidole chake kwenye kitufe, akakikunja ndani ya kiganja. Marlene akafungua bomba. Akageuza mgongo.

"Vernon," aliuliza bila kugeuka, "inapiga?"

"Inapiga, mama. Siizimi."

Akavuta pumzi, akakikumbatia kikombe. Kisha bega lake la kushoto likarudi nyuma kidogo, lenyewe, kuielekea kamera, na kidevu kikainuka, hadi taa ikampata shavuni.