Nyota Tatu za Mama

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, na aliyetaka kuyafikia mambo ya mbinguni ilimbidi kwanza apite kwenye harufu ya grisi. Bahati yao wateja hawakuisikia, maana wao walipiga simu tu. Chumba kilikuwa na meza tano zilizotenganishwa kwa mbao nyembamba. Kwenye nne walikaa wanawake waliosoma nyota za watu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na nusu saa ya kula katikati. Meza ya tano ilikuwa ya mwandishi, na binti huyo walimwita Kalamu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kila Ijumaa Kalamu aliandika kadi kumi na mbili, moja kwa kila nyota, kuanzia Punda hadi Samaki. Wiki iliyofuata wale wanne walizisoma kadi hizo kwa sauti ya mtu anayeona mbali. Kila msomaji alikuwa na daftari lake, ambamo aliandika namba ya mpigaji, siku ya kuzaliwa na shida yake, ili akipiga tena aulizwe, "Vipi, yule mkwe ameshatulia?" na yeye abaki mdomo wazi. Mwenye ofisi alijiita Profesa, ingawa hakuna chuo kilichowahi kumwona hata getini. Alikuwa amebandika ukutani amri moja tu kwa herufi nyekundu: USISEME SIJUI.

Kalamu hakujiona tapeli. Alijiona mtu anayewapa wenzake neno la kuanzia siku, na mara nyingi neno lenyewe lilikuwa jema: msamehe ndugu yako, punguza hasira, usitie sahihi usichokisoma. Tatizo lilikuwa Samaki. Nyota ya kumi na mbili ilimfikia jioni, akili imeshachoka, kwa hiyo Samaki wa watu waliambulia makombo. Ijumaa moja alikuwa na mafua makali, pua imeziba, hatamani kingine ila kitanda. Akaandika: "Samaki, wiki hii usitoke. Usikubali mkono wa mgeni uguse uso wako. Jifunike, tulia, upumzike." Nyota haikuhusika hapo hata kidogo, yalikuwa ni mafua yanaongea. Akaiweka kadi kwenye shubaka lake, akaenda zake kulala.

Jumanne iliyofuata, wakila chakula cha jioni, mama yake alisogeza sahani pembeni.

"Mwanangu, Alhamisi siendi."

Kalamu aliacha kutafuna. Alhamisi ilikuwa siku ya upasuaji wa jicho, siku waliyoisubiri miezi minane. Mama huyu alikuwa karani wa posta kwa miaka thelathini na mmoja, mpanga barua, na mjini pale hapakuwa na mwandiko uliomshinda. Bahasha iliyoandikwa na mlevi, na daktari, na mtu aliyekuwa akilia, zote zilipelekwa mezani kwake, naye aliziinua kidogo kwenye mwanga akataja mtaa na nyumba. Sasa mtoto wa jicho alikuwa ameingia macho yote mawili, na mama alikuwa akipapasa meza kutafuta kijiko. Aliyezoea kusomea mji mzima alikuwa akisomewa hata maelezo ya sabuni, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

"Huendi kwa nini, mama?"

"Nyota yangu imekataa." Akanyoosha mgongo, akasema kwa heshima kama anayekariri shairi: "Usitoke. Usikubali mkono wa mgeni uguse uso wako."

Kalamu aliyatambua. Ni maneno yake mwenyewe, yamepanda ngazi, yamepita kwenye waya, yamerudi nyumbani kumkalia mezani.

"Mama, hiyo kadi niliandika mimi. Nilikuwa na mafua. Nilitaka kulala."

"Najua unaandika wewe. Kwani najivunia nini kwa majirani?" Mama alicheka. "Lakini bomba linajua maji yametoka wapi? Wewe umeandika, aliyesema ni mwingine."

"Aliyesema ni pua yangu!"

"Hata pua, akitaka, anaitumia."

Basi utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, mwisho akaosha vyombo kwa kishindo mpaka kikombe kikavunjika mkono. Mganga hajigangi, wanasema, na huyu hata mama yake mzazi alikuwa amemtabiria vibaya.

Jumatano asubuhi aliwaeleza wenzake. Aliyeguswa zaidi alikuwa Mama Pole, msomaji mkongwe, aliyeitwa hivyo kwa sababu hata mpigaji aliyeshinda bahati nasibu alimpa pole kwanza.

"Pole, mdogo wangu. Lakini dawa si ipo?" alisema Mama Pole akiivuta simu karibu. "Nipe namba. Namwambia nyota imegeuka usiku, mkono wa mgeni sasa ni mkono wa baraka. Kesho yuko hospitali kabla ya madaktari."

Ilikuwa rahisi mno. Kalamu aliinua mkono wa simu mwenyewe, akabonyeza tarakimu tatu za kwanza, halafu akaona mbele. Leo nyota itamruhusu kupasuliwa. Kesho ataiuliza kama atie matone ya dawa. Keshokutwa ataiuliza kama afungue dirisha. Na lile jicho likigoma je, nani atakwenda kumtazama usoni na kumwambia mbingu zilikosea? Akaurudisha mkono wa simu mahali pake.

"Mama yangu alisomewa na wewe?" alimuuliza Mama Pole. "Samaki, wiki hii, mambo ya macho."

Mama Pole alifungua daftari lake, akapitisha kidole. Alikuwepo, Jumanne saa tano: mwanamke, Samaki, aliyezaliwa mwezi wa tatu, anaulizia upasuaji. Namba ilikuwa ya nyumbani. Sijui ni nini kilichomtuma Kalamu kuyaomba na madaftari ya wengine. Pengine ni mazoea tu, maana kila Ijumaa aliyapitia yote kutafuta la kuandika. Daftari la pili, Jumatatu saa tatu, namba ileile: mwanamke, Mbuzi, aliyezaliwa tarehe mosi mwezi wa kwanza, anaulizia upasuaji. Daftari la tatu, Jumatatu saa nane, namba ileile tena: Punda, mwezi wa nne, upasuaji.

Akazivuta kadi. Mbuzi waliambiwa, "Mlango uliofungwa muda mrefu unafunguka, ingia bila hofu." Punda waliambiwa, "Safari fupi itakupa faida kubwa."

Kalamu akaanza kucheka, akacheka mpaka Mama Pole akampa pole. Halafu akachukua mkoba.

Profesa alimkuta mlangoni. "Saa nne hii unakwenda wapi? Na utarudi saa ngapi?"

"Sijui," alisema Kalamu.

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa ndani ya jengo lile saa za kazi. Wasomaji wote wanne walinyoosha shingo juu ya mbao zao kumtazama, na mmoja akasahau kwamba ana mtu kwenye simu.

Alimkuta mama yake kwenye kiti karibu na dirisha, pale alipokaa kila asubuhi baada ya sala, uso ameuelekeza kwenye mwanga asioweza tena kuutumia. Kalamu alivuta stuli akakaa mbele yake, magoti yakigusana.

"Mama, samahani nikuulize. Umezaliwa mara ngapi?"

"Swali gani hilo?"

"Jumatatu asubuhi ulikuwa Mbuzi. Mchana ukawa Punda. Jumanne ukaamka Samaki. Mwingine hapo angeshakuwa na mkia."

Mama alijiziba mdomo kwa kiganja. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka kicheko cha mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Sasa mimi kosa langu nini?" alisema akijipangusa. "Nilizaliwa mwaka wa mvua kubwa, basi. Hakuna aliyeandika siku. Ile ya mwezi wa kwanza ni ya karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Nina haki ya kutafuta nyota yangu."

"Haki unayo. Lakini nyota mbili zimekuambia nenda, ukazifukuza. Ya tatu imekuambia kaa, ukaivalia nguo nzuri."

Kicheko kiliisha. Mama aligeuza uso dirishani.

"Asubuhi hizi, mama, ukikaa hapa, unaomba nini?"

Mama aliuacha mwanga, akamgeukia.

"Udhuru," alisema mama. "Sikuambii uongo, mwanangu. Sijaomba jicho hata siku moja. Nimeomba udhuru, na nimepewa, tena kwa mwandiko wa mtoto wangu." Alishika magoti ya binti yake. "Naogopa. Si kisu. Sasa hivi nikilala najiambia, nikipasuliwa nitaona. Hilo ndilo ninalolalia. Wakinipasua nisione, nitalalia nini?"

Kalamu alizoea kuwa na jibu. Miaka sita alikuwa akilipwa kwa hilo, na majibu yalikuja mbio, yote matamu: utaona, mama, nimeota, moyo wangu unaniambia. Akayaacha yapite.

"Sijui," alisema. "Sijui kama utaona. Daktari amesema wengi wanaona, lakini wewe si wengi, wewe ni mama yangu, na mimi naogopa kama wewe. Ninachojua ni kwamba kesho nitakaa kwenye benchi nje ya mlango, na ukitoka nitakuwa hapo, uwe unaona au huoni."

Machozi yalimtoka bila kificho. Mama aliyasikia kwenye sauti, akamfuta kwa kiganja, akakosea kidogo na kumfuta sikio.

"Hilo ndilo neno la kwanza la kweli kutoka ofisini kwenu," alisema.

Kisha akaufumba mkono wa binti yake ndani ya mikono yake miwili, akaomba kwa sauti, sala fupi kuliko zote Kalamu alizowahi kumsikia: "Mungu wangu, yale ya udhuru nayafuta. Jicho ataliangalia daktari. Mimi nipe moyo." Alinyamaza, kichwa kimeinama, akisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza zamani hatua za mtu wa barua. Wala hakikutikisika kitu, wala hakikuonekana kitu. Ila alipoinua kichwa uso ulikuwa wa yule karani wa posta aliyewahi kumrudisha meneja kwenye foleni.

"Nani amepiga pasi gauni langu la buluu?" aliuliza. "Mtu haendi kupasuliwa na makunyanzi."

Alhamisi aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, akikataa kiti cha magurudumu. Kalamu alikaa kwenye benchi kama alivyoahidi, na hakutabiri chochote kwa yeyote.

Ijumaa asubuhi, wakati kule ofisini kadi kumi na mbili zilikuwa zikimsubiri mwandishi asiyekusudia kurudi kwenye meza ile, muuguzi kijana alianza kubandua plasta. Aliondoa pamba. Mama alikaa wima, jicho limefumbwa, akikishika kidole cha binti yake mpaka kikafa ganzi.

"Fumbua taratibu, mama. Usilazimishe."

Alifumbua. Akapepesa. Lile jicho lilizunguka chumba, likapita dirishani, likapita ukutani, likamfikia binti yake, likakaa hapo muda mrefu.

"Umekonda," alisema mama. "Na hiyo blauzi tutaizungumza nyumbani."

Kalamu alipiga magoti pale pale sakafuni akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, akalia na kucheka kwa pamoja, hajali nani anamwona. Mama alimpapasa kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa ameshaivamia karatasi ya dawa iliyokuwa mezani. Muuguzi alikuwa akihangaika nayo tangu waingie, akiigeuza juu chini, maana daktari aliandika kama kuku aliyekimbizwa.

"Hebu nione," alisema mama. Akainyoosha mbali, urefu wa mkono, akaiinua kidogo kwenye mwanga. "Matone mara nne kwa siku, wiki ya kwanza. Wiki ya pili mara mbili. Usiinue mizigo. Usiinamie maji. Na hapa chini amekuandikia wewe, muuguzi, umkumbushe faili la kitanda cha sita."

Muuguzi alitazama karatasi, akamtazama mama, akatoka mbio kutafuta faili la kitanda cha sita.

Safari ya korido ilikuwa ya ushindi. Mama alitembea katikati, gauni la buluu limenyooka, akisoma kila mlango kwa sauti ya kuita majina posta: Stoo. Maabara. Usiingie bila ruhusa. Wagonjwa waliosubiri zamu kwenye mabenchi waligeuka wote. Mzee mmoja aliyekuwa ameshaokota kofia yake anyemelee mlango wa nje alimtazama akipita, akaketi tena, akaiweka kofia magotini.

"Inauma?" mzee alimuuliza mama.

"Kuogopa ndiko kunakouma, kaka," alijibu mama. "Kaa hapo hapo."

Kwenye dirisha la miadi karani alifungua kitabu kikubwa. Lilibaki jicho la pili, alieleza, na kwa kawaida watu huenda kwanza nyumbani, wakafikiri, wakashauriana, ndipo wakachagua siku. Alitaja tarehe nne zilizo wazi, akamtazama Kalamu, akitaraji yeye ndiye atakayejibu. Kalamu alimtazama mama yake.

"Andika yoyote," alisema mama. "Zote nzuri."