Kopo Lisilo na Jina

Yusta alikuwa amejiapiza kwamba hakuna kitu mle ndani kitakachomgusa. Alifunga meza yake ya mchele pale sokoni Mwanjelwa mchana kweupe, siku ya biashara, akavaa kitenge cha kwendea kanisani, akapanda hadi mtaa wa wenye nacho, Forest, kulikagua duka la Bertha na kulitafutia kasoro. Mlango wa kioo ulipofunguka, kasoro hakuziona.

Lilinukia. Mungu wangu, lilinukia! Kwanza jibini la Njombe, zito. Nyuma yake asali ya miombo. Halafu uyoga mkavu. Na chini ya vyote, kama mtu anayepumua taratibu, chai. Makopo meusi yalipangwa hadi darini, majani yale yale yanayochumwa na wanawake waliopasuka vidole kwa baridi ya Mufindi. Na kiti cha mteja kukalia! Dukani! Kule Mwanjelwa mteja hukalia gunia. Yusta alilaani moyoni, na huku analaani, mate yakamjaa mdomoni.

"Kamwene, Mama Clement!" Bertha alitokea nyuma ya kaunta, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. "Ni miaka mingapi hii?"

"Ishirini na moja," Yusta akajibu bila kuhesabu. Wengine hujaliwa kusahau, yeye hakujaliwa.

Walianza kazi siku moja, kiwandani huko Mufindi, wasichana wawili wa kuosha vikombe katika chumba cha kuonjea chai. Bwana Gerson, mwonjaji, alipita kwenye mstari wa vikombe vyeupe, akafyonza kijiko kwa kelele, akatema kwenye ndoo, akaandika namba. Akitoka tu, wasichana nao wanafyonza mabaki. Bertha alijua ipi nzuri na ipi mbaya. Lakini wa kuipa chai jina alikuwa Yusta. Hii ni ubua mbichi. Hii ni kanga kwenye ukungu. Hii ni maharage ya jana, mwaga! Wanacheka hadi vikombe vinagongana.

Kisha Yusta akaenda kujifungua. Miezi mitatu tu. Aliporudi, Clement mgongoni, alimkuta Bertha amehamia upande wa pili wa meza, kijiko mkononi, anamweleza Bwana Gerson: "Hii, bwana, ni kanga kwenye ukungu." Nafasi ilikuwa moja. Yusta aliongezewa vikombe vya kuosha.

Na sasa majina yale yalikuwa pale rafuni, kwa herufi za dhahabu. UBUA MBICHI. KANGA KWENYE UKUNGU. Bwana mmoja mwenye funguo za gari kubwa alikuwa akimwonyesha mwenzake: "Umeona jina hilo? Huyu mama ana kipaji, bwana."

Yusta akamgeukia Bertha.

"Umeyatunza," akasema.

"Nini?"

"Maneno yangu."

Bertha akacheka kidogo. "Yale? Soga za usichana zile, mwenzangu. Kaa, nikupe kitu."

Akateremsha kopo lisilo na maandishi. Vichipukizi vitupu, akaeleza, vimekaushwa kwa upepo, na maji yake yasiwe yanachemka. Yakitulia ndiyo unamimina. Chai ikatoka na rangi ya nyasi kavu. Yusta akachota kijiko, akafyonza kwa kelele, vile vile kama zamani. Bwana wa funguo akageuka. Yusta hakutema.

Ilikuwa ni utosi. Utosi wa mtoto mchanga unapomshusha mgongoni baada ya jua la shambani: nywele laini, maziwa, jasho tamu. Alikuwa Clement mzima mzima, wa miezi mitatu. Jina likaja lenyewe, likakaa ulimini.

"Enhe?" Bertha alikuwa ameinama juu ya kaunta. "Wiki ya sita hii naifyonza, sioni kitu. Wageni wanakuja Jumatatu kutoka Dar, wanataka kopo lenye jina. Nakuomba, dada."

Asingeliona hata kwa miaka sita. Bertha hakuwahi kubeba mtoto wake mgongoni. Yusta alilijua hilo, na, tuseme ukweli, alilifurahia.

"Andika jina langu kwenye kopo," akasema. "Chini, herufi ndogo tu. Nitakwambia."

"Yusta nani? Wateja wanamjua Yusta?"

"Kanga yangu walikuwa wanaijua?"

Bertha akavaa miwani, akaivua. "Siwezi," akasema kwa sauti ya chini. "Nikiliandika hapo, wataniuliza ya makopo mengine."

"Basi hii ni chai tu." Yusta akasimama.

Hata hivyo Bertha alimfungia vijiko viwili vya majani yale kwenye karatasi, na Yusta, pamoja na hasira zake zote, alivipokea kwa mikono miwili.

Nyumbani Iyunga aliipika kama chai inavyopikwa: sufuria, maziwa, tangawizi, sukari, ichemke mpaka ipande. Clement akamaliza kikombe macho yakiwa kwenye simu.

"Vipi?"

"Vipi nini, mama? Si chai?"

Yusta akanusa sufuria: tangawizi. Akanusa kikombe: sukari. Akazunguka nyuma ya mwanawe, akainama, akamnusa utosi. Mafuta ya kinyozi.

"Mama! Vipi bwana!"

Usiku na mchana wiki ile jina lilimwasha ulimi, na hakuwa na chai ya kulibandikia.

Jumamosi akavaa tena kile kitenge. Wageni wa Dar walikuwa wamekuja na kuondoka. Kopo lilikuwa pale pale rafuni, jeusi, halina hata herufi moja. Bertha alipomwona hakumsalimia. Alitoa vikombe viwili.

"Bado sikwambii," Yusta akasema akiwa mlangoni.

"Kwani nimekuuliza?" Bertha akamimina. "Kunywa kabla haijapoa."

Yusta akakaa kwenye kile kiti, akafyonza kwa kelele zote alizokuwa nazo, akafumba macho. Alipoyafumbua, kikombe cha Bertha kilikuwa bado kimejaa. Bertha alikuwa anamkodolea macho mdomoni.