Jina la Aliyerusha Video

Paschal alinitajia majina yake yote matatu taratibu, kama mtu anayesajili laini ya simu, akainama kuhakikisha nimeyaandika sawa. Paschal Yakobo Masunga. Alikuwa amefurahi, maskini. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya meza yake ya kutengenezea simu, pale Bariadi jirani na stendi, naomba asigundue mapema kilichonileta.

Tasnifu yangu ilihusu dawa za miti ambazo wafugaji wa Simiyu huwapa ng'ombe. Sura nzima ilisimama juu ya video moja ya mtandaoni: bibi mzee, kanga kiunoni, anamnywesha dawa ng'ombe aliyevimba tumbo mpaka mnyama anapumua. Siku hizi mikono ya bibi huyo inatetemeka, hawezi tena kumshika ng'ombe, kwa hiyo ushahidi uliobaki ni huo tu. Msimamizi wangu, Dokta Ngeleja, aliona nimeitaja nusunusu kwenye marejeo, akanikalisha chini. Anza na jina halisi la aliyeirusha kama linajulikana, akasema, kisha jina la chaneli yake, tarehe, kichwa cha video, kiungo. Na ndani ya sura, taja dakika yenyewe.

"Kichwa hakiguswi, Nyamizi. Ukikiremba, umemdanganya msomaji."

Kichwa chenyewe kilisema: MCHAWI ANASWA AKIROGA NG'OMBE WA WATU. Na yule mchawi ni Kwandu, mama yake mama yangu, aliyenilea.

Naogopa hata sasa ninaposimulia haya. Nilipokuwa darasa la saba tulimzika jirani yetu Mwandu, mama mzee aliyekuwa akipikia samadi kavu kwa kukosa kuni. Moshi ulimla macho yakawa mekundu, na macho hayo mekundu ndiyo waliyoyafanya ushahidi wa uchawi wale waliomjia na mapanga. Sisi watoto tulizuiwa kuuangalia mwili. Bibi yangu naye anapikia samadi.

Chini ya ile video mtu alikuwa ameuliza: Huyu anakaa kijiji gani? Hakuna aliyekuwa amemjibu. Lakini tasnifu yangu ingewekwa kwenye tovuti ya chuo, na ukurasa wake wa kwanza kabisa ulitaja kijiji cha bibi. Mimi, mjukuu, kwa kunukuu vizuri, ndiye ningemjibu. Usiku huo niliota naandika marejeo, na kila nikimaliza mstari mtu anabisha hodi kwa bibi.

Kijiji nilikifuta. Kichwa ningekifuta vipi? Ndipo nikapanda basi la Bariadi kumfuata aliyeirusha.

Paschal aliniuliza jina lake linakwenda wapi. Nikamsomea mstari wote polepole: majina yake matatu, chaneli yake Jicho Kali, mwaka, halafu yale maneno yake mwenyewe kuhusu mchawi. Tabasamu lilianza kufifia. Nikamweleza kwamba maandishi hayo hukaa maktaba miaka na miaka, na kwamba yule mama akipatwa na lolote, atakayetafuta chanzo ataanza kusoma kushoto, mwanzo wa mstari, kwenye jina la aliyeirusha.

"Mimi nilitafuta watazamaji tu, dada," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Hata simjui."

"Ni bibi yangu."

Aliweka bisibisi chini. Tulikuwa watu wawili waoga kwenye kibanda kimoja, nje bodaboda wakigombania abiria. Akaniomba nisimwandike. Nikamwambia siwezi, kanuni ni kanuni. Ila kichwa hunukuliwa kama kilivyo siku mwandishi anapoifungua video, na mimi siku hiyo nilikuwa bado sijaifungua.

Alielewa haraka. Akaitoa simu yake, akafuta, akaniuliza aandike nini.

"Andika anachofanya. Jina lake usiweke."

Akaandika: Mama mzee akimtibu ng'ombe aliyevimba tumbo. Akafuta na yale maoni ya chini, lile swali likiwemo. Nikaifungua palepale mbele yake, nikanakili, nikaweka tarehe. Dokta Ngeleja aliposoma marejeo alitia alama ya vema na kupita.

Lakini walioitazama kabla hawakufutwa, na hilo nalijua. Kila asubuhi naifungua kwanza video nione kichwa bado ni kile, ndipo nampigia bibi. Juzi simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita hivyohivyo. Ya tatu nilipiga nimesimama, mkono umeshika ukuta.

"Mwangaluka, mjukuu wangu," akapokea kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akikohoa. Akaniambia nisimlaumu, simu aliiacha kitandani. Yeye alikuwa jikoni anachochea moto, na moshi umemwingia machoni.