Sale kwa Mbega

Mektrida alivuka daraja ameziba pua kwa ncha ya kanga, wala hakujali nani anamwona. Zamani hapa palivukwa kwa gogo. Mto uligawanyika juu ya kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo huko Kirua Vunjo, ukakizunguka na kukutana tena chini, ndiyo maana ukoo mzima ulipaita Kisiwani. Alizaliwa hapo, akaolewa Tanga, na Desemba hii, baada ya miaka kumi na tisa, alikuwa amerudi kula Krismasi na kuwaona mbega.

Ndiyo, mbega. Baba yake, Mzee Basili, hakuwahi kukata hata tawi la miringaringa ya upande wa chini. Alisema wale wenye makoti meusi na mikia myeupe walikuwapo kabla yake, na alfajiri walipounguruma, naye aliamka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Sasa miringaringa yote ilikuwa visiki vilivyofukiwa kwa zege, juu ya zege nyasi za plastiki, na juu ya nyasi viti vya baa. Mdogo wake Mektrida, Wilbert, alikuwa ameng'oa hata ua la masale lililozunguka kihamba ili magari yapate pa kugeuzia.

"Shikamoo, dada. Umepaonaje?"

"Marahaba. Panatia kinyaa."

Wilbert akacheka, akidhani ni utani wa Tanga, akampeleka nyuma ya jiko kumwonyesha kitu ambacho wateja walikipenda. Kati ya pipa la mafuta machafu na rundo la mifupa palikuwa na banda la waya, na ndani yake mbega mmoja. Manyoya yake meupe yalikuwa yamegeuka rangi ya mkojo. Sakafuni palizagaa chipsi na vipande vya chapati vilivyoota ukungu. Mlevi mmoja alimtupia mfupa wa mbuzi huku mwenzake akipiga picha. Harufu iliyotoka humo ilimfanya Mektrida ageuke ateme mate.

"Mnampa nini?"

"Chochote. Ila anachagua sana huyu."

"Mbega anakula majani, Wilbert. Umekulia chini yao."

"Wenzake walienda zao tulipokata miti. Huyu akabaki. Mimi nimemhifadhi tu, dada."

Hapo Mektrida alimwambia, bila kupaza sauti, kwamba anamtia kichefuchefu, na kwamba hatakula mezani kwake Krismasi hiyo wala nyingine. Wilbert, mtu mzima mwenye kitambi chake, akanywea. Dada mkubwa asipokula nyumbani Krismasi, ukoo mzima utauliza kwa nini. Akaondoka haraka. Aliporudi alikuwa ameshika jani la sale lililofungwa fundo. Ilibidi akalikate kwa jirani, ng'ambo ya mto. Akapiga goti kwenye plastiki, akalitoa kwa mikono miwili.

Sale ni kuomba radhi, na kwao halikataliwi. Hata aliyekuulia mwanao akija nalo, unalipokea, moyo utake usitake. Mektrida alilijua hilo tangu utotoni, na kilichomuudhi ni kwamba Wilbert naye alilijua.

Akalipokea. "Nimekusamehe," alisema. "Ila aliyekosewa zaidi si mimi." Akalifungua fundo, akamrudishia jani. "Sasa mwombe na huyu."

Wilbert akawatazama walevi. Walikuwa wameacha kupiga picha. Akalipenyeza jani kwenye waya. Mkono mweusi usio na dole gumba ukalichukua taratibu, na mbega akalila lote mpaka kikonyo, amefumba macho.

Hakuna aliyemwambia Wilbert afanye nini. Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua mlango mwenyewe. Mbega akatoka, akapanda juu ya banda, akajikunja tayari kuruka. Akatazama upande huu, akatazama ule. Hapakuwa na mti. Akakaa chini, akamgeukia Wilbert, akanyoosha mkono tena.