Mzigo wa Fundi Kesho

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Ukienda kuchukua nguo yako, atakutazama usoni bila haya akuambie, "Imebaki vifungo tu, njoo kesho," na kumbe kitambaa chako hakijaguswa hata na mkasi. Lakini mtu asimseme vibaya mbele yangu. Katika miaka yote ya ushonaji wake hakuna aliyekosa nguo yake. Alichelewa, alidanganya, akashona.

Mkewe alipofariki, uongo ule ukakosa watu wa kuambiwa. Yule mama ndiye aliyekuwa akiwachekesha wateja pale mlangoni mpaka wakasahau hasira zao. Sasa wengi walihamia kwenye nguo za kununua zikiwa tayari, na fundi akabaki na chumba, cherehani ya kukanyaga na goti lililovimba. Asubuhi alichemsha chai ya mtu mmoja, akainywa amesimama, kwa sababu kukaa mezani peke yake kulimuuma.

Ndipo akaagiza cherehani ya umeme kwenye duka la mtandaoni, kwa akiba waliyoiweka yeye na mkewe. Akiba nyingine hakuwa nayo. Binti yake, anayefanya kazi mji wa mbali, alimwelekeza kwa simu, kwa ile sauti ya kumfundisha mtoto.

"Baba, nisikilize. Pesa yako haijaenda kwa muuzaji, duka limeishika. Ataipata siku utakayobonyeza 'Nimepokea'. Usibonyeze mpaka cherehani iko mbele yako, umeiwasha, umeshona nayo. Na ukikaa kimya mpaka muda wa kulalamika upite, pesa inakwenda kwake yenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Na akitaka mhamie kwenye namba yake binafsi, kataa."

"Nimekuelewa, nimesema. Wewe umekula?"

"Nitakula, baba. Niko kazini." Akakata.

Muuzaji naye alikuwa na ulimi wa asali. Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, ujumbe uliingia: "Umeamkaje, mzee wangu? Goti vipi leo?" Loo! Nani mwingine duniani alikuwa akiliulizia goti lile? Fundi alivaa miwani, akajibu kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Alimweleza habari za goti, za mvua iliyoingia dirishani, mpaka akafika kwa marehemu. Muuzaji akamwandikia, "Pole sana, mzee wangu. Upweke si mchezo." Siku hiyo fundi alishona huku anaimba.

Kuhusu mzigo, maneno yalikuwa yaleyale. Umebaki muhuri tu. Umebaki kupakiwa tu. "Nisaidie kubonyeza 'Nimepokea', mzee wangu, ili gari litoke." Mtu mwingine angeshtuka hapo hapo. Fundi wetu alicheka mpaka akakohoa, kwa maana lugha ile aliijua, amezeeka nayo. Kwake yeye, mtu anayesema imebaki vifungo tu ni mwenzake wa kazi, amezidiwa na oda, na mwisho wa yote atashona. Kubonyeza hakubonyeza, hakuwa mjinga kiasi hicho. Lakini kulalamika pia hakulalamika.

"Nimchongee kijana wa watu kwa kuchelewa?" alijiambia. "Mimi ningeshtakiwa kila nilipochelewa, si ningekuwa nazeekea jela?"

Siku ya mwisho ya muda ule wa kulalamika, binti akapiga.

"Baba, mzigo umefika?"

"Bado kidogo. Umebaki..."

"Baba! Huyo ni tapeli. Nimeingia kwenye ukurasa wake, watu chungu nzima wanalia. Muda unaisha leo jioni. Bonyeza 'Nalalamika' sasa hivi, mimi nipo hapa."

Fundi akaitazama simu. "Na mazungumzo yetu?"

"Mazungumzo gani?"

"Mimi na yeye. Yatabaki?"

"Yatafungwa, baba. Mtu mwenyewe si mwizi?"

Fundi akapiga moyo konde, akabonyeza. Binti akashusha pumzi, akasema Mungu ni mkubwa, akaaga. Kulikuwa na kikao kinamngoja.

Haukupita muda simu ikalia. Fundi aliirukia, goti na maumivu yake yote. Ulikuwa ujumbe wa muuzaji.

"Nimeona umelalamika, mzee wangu. Sina kinyongo. Wengine huwa wanashtuka mapema sana. Ila niambie kweli, wewe ulikuwa unangoja nini muda wote huu?"

Jamani, huyo mtu alistahili matusi yote ya mtaa wetu, na mimi ningemsaidia kuyapanga. Fundi hakutukana. Aliketi kitandani akaanza kuandika, pole pole, kwa kile kidole chake kimoja. Aliandika kwamba tangu mke wake afe hakuna mtu anayemuuliza ameamkaje. Kwamba sasa anajua anaongea na mwizi, na bado kesho asubuhi atamtafuta. Akarekebisha herufi zilizoruka, akajisomea kwa sauti, akaridhika. Alipobonyeza kutuma, yakatokea maandishi madogo: mazungumzo haya yamefungwa. Akajaribu tena, na tena. Maneno yake yakabaki palepale chini, hayana pa kwenda. Basi mtu mzima yule akalia, kwa sauti, mpaka jirani akazima redio asikilize.

Pesa ilirudi yote. Binti alipoona taarifa alipiga kumpongeza, anacheka kwa furaha.

"Unaona sasa, baba? Umejilinda."

"Nimejilinda, mama," fundi akasema. Akasubiri aulizwe na lingine, lakini binti alikuwa ameshaanza kuaga.