Siku Evodius Alipochuchumaa Mahakamani

Evodius Likapa hakuwa na kitanda, hakuwa na komeo la mlango, hakuwa na mke, maana alikuwa mjane, hakuwa na viatu vya kufanana, na meno mawili ya mbele aliyaacha gerezani. Hata koti la siku ya kesi lilikuwa la jirani yake wa kijijini Kisawasawa, Masanja, Msukuma mrefu kama nguzo ya simu, kwa hiyo mikono ilimfunika mpaka kucha. Lakini tangu alfajiri alijawa na furaha ya kijinga. Leo hakimu wa Ifakara angeamua kama binti yake Happyness, mwenye miaka minane, atarudi kwake au atabaki Mlabani kwa mama yake mkubwa, Wilhelmina.

"Ukichekacheka hivyo watadhani umelewa," Masanja alimwambia mlangoni mwa mahakama.

"Nimelewa kweli. Tangu jana sijala."

"Basi funga mdomo. Pengo linaonekana mpaka Mahenge."

Alifungwa miaka miwili kwa ajili ya mguu wa sheshe, yule swala wa bondeni, uliokutwa ndani ya gunia lake la mpunga. Sasa ana miezi mitatu uraiani.

Wilhelmina alitangulia kusema. "Mheshimiwa, shemeji simchukii. Ila ana chumba kimoja na mkeka mmoja. Mtoto si kuku wa kulala uvunguni, na huo uvungu wenyewe hana."

Washauri wawili wa mahakama waliinama kuficha meno. Karani, mwenye sauti ya askari magereza, akaita, "Evodius Likapa."

Kabla akili haijafika, magoti yalishafika. Evodius akachuchumaa sakafuni, kichwa chini, kama alivyofanya asubuhi na jioni kwa miaka miwili, wafungwa wakihesabiwa wawili wawili. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mnaona," Wilhelmina akasema, yeye hacheki. "Mwili umetoka, mtu bado yuko ndani."

Evodius akataka kusimama, miguu ikagoma. Alijua mtoto ndiyo kampoteza hivyo. Mara akasikia kandambili zinakuja, pa, pa, pa, na Happyness akachuchumaa ubavuni pake.

"Wawili," akasema. "Karani, sasa hesabu."

Hakimu Aikande akavua miwani. "Nani kakufundisha haya, mwanangu?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Niambie."

"Wafungwa walikuwa wanakuja Ijumaa kufyeka nyasi barabarani. Wakimaliza wanahesabiwa, wapande lori. Baba alikuwa wa mwisho, hana mwenzake. Nilitaka kuvuka nikakae naye, mama mkubwa ananikamata gauni."

"Na nani alikuwa anakupeleka huko?"

"Si yeye huyohuyo. Alisema baba asije akanisahau sura."

Wilhelmina akatazama dari kama mtu anayetafuta popo. "Mtoto huyu ana mdomo," akanong'ona.

"Unataka kukaa wapi?"

"Kwa baba. Likizo kwa mama mkubwa, anapika sambusa."

Hakimu na washauri walinong'onezana kidogo tu. Ikawa hivyohivyo alivyosema mtoto, kwa sharti moja: shule ya Kisawasawa iandikiwe leo, nafasi iwepo Jumatatu. "Na wewe baba, simama. Unanichosha."

Evodius akaandika barua ya shule barazani, anacheka, kalamu inaruka. Wilhelmina akampokonya.

"Huu mwandiko au kuku kapita? Lete."

Akaandika upya, na chini akaongeza: asikae dirishani, ataangalia ng'ombe. Akikohoa apewe maji ya moto. Akilia msimuulize sababu, mshikeni tu mkono. Hapo akapenga kamasi kwenye khanga.

"Shemeji, umejaza karatasi," Evodius akasema. "Salamu ziende wapi?"

"Salamu utawapa walimu mwenyewe Jumatatu. Mtoto njoo umchukue Jumamosi, nikishamfulia nguo zake."

Happyness akalamba gundi ya bahasha mara tatu, baba yake akaikandamiza kwa ngumi. Masanja, aliyekuwa anawahi ng'ombe wake, akaitia kifuani aifikishe shuleni, na basi la saa tisa likaondoka naye.